Halmashauri: Mkusanya Ushuru au Mjenzi wa Uchumi? Uhakiki wa Madaraka ya Wananchi kwa Kuitazama Misungwi

Hakuna neno lililotamkwa mara nyingi katika siasa ya nchi yetu kama neno "madaraka kwa wananchi". Lilitamkwa mwaka 1972 halmashauri zilipofutwa, likatamkwa mwaka 1982 zilipofufuliwa, na likatamkwa tena mwaka 1998 ulipoanza mpango wa kuboresha Serikali za Mitaa. Neno linaloweza kutumiwa kufuta kitu na kukifufua pia, kwa sauti ile ile na kwa shangwe ile ile, linahitaji kuhakikiwa. Uhakiki wa kweli hauishii kwenye maneno ya sheria. Huuliza: nani anaamua, kwa fedha ya nani, na matunda yanakwenda wapi?

Katika makala hii tutalichambua swali hilo kwa kuitazama wilaya moja, Misungwi, iliyo kusini ya jiji la Mwanza na inayopakana na ghuba ya Ziwa Victoria. Hatukuichagua kwa kuwa ni mbaya kuliko nyingine, wala kwa kuwa ni bora. Tumeichagua kwa sababu mgongano uliomo katika halmashauri zetu zote unaonekana pale waziwazi.

BARAZA KAMA MKONO WA MTAWALA

Kwanza hatuna budi kukumbuka asili ya chombo chenyewe. Misungwi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kwimba hadi mwaka 1995 ilipofanywa wilaya. Kabla ya Uhuru eneo hilo lilikuwa chini ya watemi, na baada ya vita kuu ya pili watemi wa Usukuma walikusanywa katika shirikisho moja lenye makao yake Malya. Serikali ya kikoloni ililipa shirikisho hilo kazi ambayo leo tungeiita ya maendeleo: kuhifadhi udongo, kupunguza mifugo, kulima kwa matuta, kuhamisha watu kwenda maeneo mapya.

Mengi katika hayo yalikuwa na busara ya kilimo ndani yake. Lakini yaliletwa kwa amri na kusimamiwa kwa faini. Mkulima aliyatambua mabaraza kama mahali zinapotoka amri na zinapokwenda kodi. TANU ilikatazwa kufanya kazi Usukumani tangu mwaka 1954 hadi 1958, lakini upinzani haukukatazika. Mwaka 1958 wananchi wa Geita, ng'ambo ya ghuba, walilikataa baraza la mseto wa rangi walilowekewa juu yao, wakaandamana hata Mwanza, na baraza lile likashindikana.

Funzo la Geita si kwamba mkulima huchukia serikali ya mahali pake. Mkulima hukataa chombo kinachoitwa chake hali hakikutoka kwake. Funzo hilo lilikuwa la bei kubwa, na tumelisahau mara kwa mara.

MIZANI YA PAMBA

Wakati huo huo, wakulima wale wale walionyesha kuwa wanaweza kujenga chombo cha uchumi kwa mikono yao. Shina la ushirika wa Usukuma lilikuwa jambo dogo sana: mizani. Mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, mnunuzi akaipima kwa mizani yake mwenyewe, na mkulima akapunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wa kukagua uzito. Kutokana na mizani wakaunda vyama vya msingi, na kutokana na vyama vya msingi ukazaliwa mwaka 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, chini ya uongozi wa ndugu Paul Bomani. Baada ya miaka michache tu muungano huo ulikuwa unamiliki vinu vya kuchambulia pamba, na ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Hebu tuitazame njia hiyo kwa makini. Wakulima hawakuanza kwa mpango wa miaka mitano wala kwa semina. Walianza mahali ambapo ziada yao ilikuwa inachukuliwa, wakaweka mkono wao pale pale. Kutoka kwenye mizani walikwenda kwenye ghala, na kutoka kwenye ghala wakafika kwenye kinu. Kila hatua iliwaongezea sehemu ya thamani ya pamba iliyobaki mikononi mwao. Hiki ndicho kipimo tutakachokitumia: chombo cha wananchi hujenga uchumi wa mahali kinapoizuia ziada isitoroke, kikaigeuza kuwa nyenzo mpya za uzalishaji mahali pale pale.

Ni kweli kwamba ushirika huo baadaye uliingiwa na urasimu na wizi. Tume maalumu ya mwaka 1966 ilichunguza malalamiko ya wakulima nchini kote. Lakini dawa iliyotolewa, ya kuviweka vyama chini ya mkono wa Serikali na hatimaye kuvifuta vyama vikuu mwaka 1976, haikuponya ugonjwa. Iliuhamisha tu kutoka kwa karani wa chama kwenda kwa ofisa wa mamlaka ya zao, ambaye mkulima hakuwa na kura ya kumwondoa.

JEMBE LILILONYANG'ANYWA

Historia ya halmashauri ilikwenda njia hiyo hiyo. Baada ya Uhuru halmashauri za wilaya zilikabidhiwa shule za msingi, zahanati na barabara ndogo. Zilitegemea kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Mwaka 1969 kodi hiyo ilifutwa, na ushuru wa mazao ukaondolewa baada yake. Kwa mkulima ilikuwa nafuu ya haki, kwani kodi ya kichwa humtoza maskini sawa na tajiri. Lakini halmashauri zilibaki na mzigo ule ule bila fedha. Zikashindwa. Kisha kushindwa kwake kukatolewa kuwa ushahidi kwamba hazifai. Alinyang'anywa jembe, kisha akalaumiwa shamba kuota magugu.

Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ukaanza mfumo ulioitwa Madaraka Mikoani. Tunasema wazi kwamba jina na kitu havikufanana. Yaliyopelekwa mikoani yalikuwa madaraka ya maofisa. Wakurugenzi wa Maendeleo walitoka Dar es Salaam wakiwa na mafungu kutoka Dar es Salaam, na waliwajibika Dar es Salaam. Mipango ilipandishwa kutoka kijijini hadi taifani, ikarudi imepunguzwa au haikurudi kabisa. Ndani ya mfumo huo huo ndipo Operesheni Vijiji ilipofanywa, ambapo katika sehemu nyingi, Mkoa wa Mwanza ukiwamo, watu walihamishwa kwa haraka ya ofisa na si kwa msimu wa mkulima.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alitamka kwamba kama angeanza upya, mambo mawili asingeyarudia: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Inafaa kutazama kwamba aliyataja mawili hayo pamoja. Yalikuwa pande mbili za kitu kimoja. Halmashauri ilikuwa mkono wa kisiasa wa mkulima, na ushirika ulikuwa mkono wake wa kiuchumi. Mtu aliyekatwa mikono yote miwili haambiwi ashike hatamu.

KUFUFUKA KWA MWAKA 1982

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji na Na. 9 ya fedha za serikali za mitaa. Halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984, na nafasi yake ikaandikwa katika Katiba, Ibara ya 145 na ya 146. Katika mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilirejea pia, Nyanza kikiwa kimojawapo.

Lakini ni nini hasa kilichofufuka? Wajumbe wa Baraza la Madiwani huchaguliwa na wananchi. Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye mshika fungu, huteuliwa na Rais, kama alivyo Mkuu wa Wilaya. Sehemu kubwa kabisa ya bajeti hutoka Hazina ikiwa imekwisha kupangiwa kazi, na zaidi ni mishahara. Kinachobaki mikononi mwa madiwani ni mapato ya ndani, nayo yamekuwa kama maji katika mtungi uliotoboka. Kodi ya maendeleo iliyorejeshwa mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2003. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula.

Wapo wanaosema kwa hiyo tatizo ni uchache wa fedha, na kwamba dawa ni kuongeza vyanzo. Sisi tunasema uchache ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili, ambayo haizungumzwi, ni tabia ya chanzo chenyewe.

USHURU WA LANGONI

Tuchukue mfano wa hesabu. Kilo moja ya pamba ikiuzwa shilingi 1,000, ushuru wa asilimia 3 ni shilingi 30. Kwa sheria anayetozwa ni mnunuzi, lakini mnunuzi anajua kuupunguza kwenye bei, hivyo mlipaji wa kweli ni mkulima. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza, na imekwisha kusemwa sana.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Halmashauri hupata shilingi 30 zile zile, pamba ikichambuliwa Misungwi au ikichambuliwa wilaya nyingine. Katika kila kilo 3 za pamba mbegu, nyuzi ni takriban kilo 1, na sehemu kubwa ya zinazobaki ni mbegu. Ndani ya mbegu mna mafuta ya kula, na yakishakamuliwa hubaki mashudu ya kulisha ng'ombe. Mbegu zikiondoka, kazi ya vijana na chakula cha mifugo vimeondoka pamoja nazo. Lakini daftari la ushuru halionyeshi hasara yoyote. Linaonyesha lengo limefikiwa.

Hapa ndipo penye kiini cha mgongano. Halmashauri inayokula ushuru wa mazao ghafi hutazama langoni: lori limepita, stakabadhi imekatwa, kazi imekwisha. Fedha yake haiifundishi kujali kinachotokea baada ya kizuizi. Ushuru wa huduma, ambao hutozwa kwenye mauzo ya makampuni, ungeifundisha kujali viwanda. Lakini mahali pasipo na viwanda ushuru huo ni jina tu. Kwa hiyo Ofisa Mtendaji wa Kata huwa mlinzi wa barabara, na diwani hupimwa kwa makusanyo. Mkulima naye akiiona bendera ya halmashauri hukumbuka yaleyale aliyoyakumbuka babu yake alipomwona karani wa mtemi.

MALI IPITAYO

Misungwi imejaliwa kuliko wilaya nyingi. Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoanza miaka ya 1930, kiko ndani ya wilaya hiyo, na aina za mbegu za pamba zenye herufi UK zilizopandwa katika Kanda ya Ziwa zilitoka pale. Mabuki pana shamba la Serikali la kuzalisha mitamba. Ihelele, katika mwambao wa ziwa, ndipo yanapotekwa maji yaliyopelekwa Shinyanga na Kahama kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na baadaye yakaendelea hadi Tabora. Usagara ni njia panda ya magari ya Shinyanga na ya Geita. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 hupita humo, na jiwe la msingi la reli mpya ya Mwanza hadi Isaka liliwekwa Fela mwaka 2021. Kigongo ndipo linapoanzia daraja la takriban kilomita 3 kuvuka ghuba hadi Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni 2025.

Msomaji atazame orodha hiyo tena. Mbegu bora, maji, barabara, reli, daraja: vyote ni vitu vinavyopita. Vyote vilijengwa na Taifa kwa faida ya Taifa, na hatuna ugomvi na jambo hilo. Mwananchi wa Misungwi hana haki ya kumnyima maji ndugu yake wa Shinyanga. Huo ungekuwa ubinafsi wa kiwilaya, na ubinafsi wa kiwilaya ni mdogo wake ukabila. Ugomvi wetu ni kwamba hakuna kazi hata moja kati ya hizo ambayo halmashauri ilipewa nafasi ya kuiunganisha na uzalishaji wa mahali. Taifa hupitisha bomba na wizara hupitisha reli, na halmashauri huitwa kushangilia na kutoa eneo.

Tuchukue Kigongo. Kwa miaka mingi kivuko kilikuwa na wenyeji wake: mama lishe, wauza samaki, wachoma mahindi, wabeba mizigo. Uchumi wao ulitegemea jambo moja, msafiri kusubiri. Daraja limeondoa kusubiri, na ni ushindi kwa mgonjwa anayekimbizwa Bugando na kwa mkulima wa Sengerema mwenye nyanya zinazooza. Lakini maendeleo yanayomwondolea mmoja kero kwa kumwondolea mwingine riziki hayajakamilika mpaka huyo wa pili amepangiwa nafasi mpya. Kazi hiyo si ya mkandarasi wala ya wizara. Ni kazi hasa ya halmashauri: kujenga soko la samaki lenye barafu mahali magari yanaposimama, kupima viwanja kabla walanguzi hawajavinunua, kuwaandikisha wafanyabiashara wa kivukoni ili wao wawe wa kwanza kupewa vizimba. Halmashauri inayostahili jina hilo huanza kazi hiyo siku nguzo ya kwanza inapozamishwa ziwani. Siku ya utepe huwa imechelewa.

MIKOPO YA ASILIMIA KUMI

Itajibiwa kwamba halmashauri zina chombo cha kuinua wananchi, yaani mikopo isiyo na riba. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia ni njema. Lakini mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchini kote baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine vilikuwa vya karatasi tu. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikipitishia benki.

Mjadala wote ulikuwa juu ya nidhamu: nani alikula, nani hakurudisha. Nidhamu ni lazima. Lakini ndugu hawa waliokopa walikopa kufanya nini? Kikundi hiki kilinunua pikipiki, cha pili kikanunua pikipiki, na cha tatu vilevile, mpaka waendeshaji wakawa wengi kuliko abiria. Vikundi vitano vilifuga kuku wa nyama katika kata moja na kuuza wiki moja. Mkopo uliogawanywa bila mpango wa uzalishaji huwashindanisha maskini wao kwa wao, na atakayeshindwa huitwa mkorofi. Benki haitaondoa kasoro hiyo. Itaifanya iwe na stakabadhi safi zaidi.

Fedha ile ile ingeweza kufuata mnyororo wa mali ya mahali. Kikundi cha vijana kingekamua mafuta ya mbegu za pamba, cha pili kingenunua mashudu na kunenepesha ng'ombe, cha wanawake kingekausha dagaa kwenye chanja badala ya mchangani, na cha nne kingesafirisha bidhaa za hao watatu. Hapo kila mkopo ungekuwa mteja wa mkopo mwingine. Hata mazoea ya zamani ya Wasukuma yangesaidia: elika, kazi ya kulima kwa zamu kwa kundi, ilikuwa na uongozi wake wa basumba batale, na hakuna aliyekula zamu za wenzake akabaki na heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi, wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu kabla Serikali haijawaagiza. Sungusungu ilikuwa na maonevu yake ambayo hatuwezi kuyatetea. Lakini anayedai kwamba wananchi hawajui kujipanga bila semina hajaisoma historia yao.

PINGAMIZI NA JIBU

Pingamizi kubwa ni kwamba halmashauri zikipewa fedha na uhuru zitaiba. Hatuwezi kulipuuza, ripoti za ukaguzi za kila mwaka zinalipa nguvu. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho, haiishii kwenye halmashauri, kwani wizara nazo zimo katika ripoti hizo hizo. Tofauti ni kwamba mwizi wa kijijini huonekana: watu wanaijua nyumba yake na wanajua alijenga mwaka gani. Mahali wananchi wanapojua fungu lilikuwa kiasi gani na la kazi gani, ukaguzi huanza kabla mkaguzi hajafika. Wizi hustawi pale fungu linapokuwa siri, na fungu linaloshuka kutoka juu huwa siri kwa sababu hakuna wa chini aliyelichanga.

Majirani zetu wametoa mfano wa kupima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliamuru kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya Taifa, na kaunti hizo zilianza kazi mwaka 2013. Jimbo la Kerala nchini India lilianza mwaka 1996 kupeleka zaidi ya theluthi moja ya fedha zake za mpango kwa mabaraza ya chini, kwa sharti kwamba mikutano ya vijiji ndiyo ipange. Kote kuwili pametokea wizi, ubadhirifu na ugomvi. Kote kuwili pia mwananchi amepata jambo ambalo kwetu bado ni hisani: kiwango anachoweza kukidai kwa sheria.

MAJUKUMU YALIYO MBELE

Kutokana na uchambuzi huu majukumu manne yanajitokeza.

Kwanza, halmashauri ipimwe kwa thamani inayobaki wilayani, si kwa makusanyo peke yake. Daftari lionyeshe tani ngapi za pamba zilizaliwa wilayani na ngapi zilichambuliwa humo.

Pili, kila mradi wa Taifa unaopita katika wilaya, uwe wa maji, reli au daraja, uandamane na mpango wa mahali uliojadiliwa na Baraza la Madiwani kabla ya kazi kuanza, wenye fungu lake.

Tatu, mikopo iunganishwe na vyama vya ushirika vya msingi. Tangu msimu wa 2018 pamba imekuwa ikinunuliwa kupitia vyama hivyo, lakini chama kinachopima na kupokea tu bado kimesimama pale waliposimama wazee mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wao hawakuishia kwenye mizani.

Nne, mwenye fungu awajibike kwa waliochaguliwa. Mtendaji asiyeweza kuulizwa na diwani humfanya diwani kuwa mpiga makofi, na mpiga makofi hawezi kulaumiwa kwa umaskini wa kata yake.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji nadharia mpya. Wakulima waliokagua mizani walikuwa wamekwisha kuifahamu nadharia yote: aliyeshika mizani ndiye anayejua uzito. Tangu mwaka 1982 halmashauri imeshika kitabu cha stakabadhi. Mpaka wananchi wa Misungwi, kwa kupitia chombo chao, watakaposhika mizani yenyewe, na baada ya mizani kinu, madaraka yatabaki kuwa neno, na mali itaendelea kupita.